Mgeni Katika Tangi la Mama Khaemba

Nasimiyu mwanangu,

Umetoka na baba yako kwenda Bungoma kumuaga kukhu, nyanya yako, na mimi nimebaki hapa Kibomet na mlio wa pampu za hewa kule chumba cha nyuma. Nilisema siendi kwa sababu ya wateja wa vifaranga vya samaki. Hakuna mteja hata mmoja aliyekuja, na nilijua hawatakuja, maana kumenyesha tangu saa sita. Nilibaki ili niandike. Tangu ulipoitwa kwa hiyo kazi ya Kilifi, mimi na wewe tumekuwa tukiongea habari za chumvi na sponji peke yake, kama watu wawili walioajiriwa duka moja. Kesho asubuhi unaondoka. Nikingoja kusema kwa mdomo, basi litaondoka na mimi bado natafuta neno la kuanzia.

Mambo ya neti, ya dawa, ya kutolala njiani ukaibiwa, baba yako ameyarudia mpaka kuku wetu wanayajua. Sitayagusa. Nataka kukuandikia juu ya tangi la samaki la Mama Khaemba, kule Milimani. Ulikuwepo, tena ulibeba ndoo nyingi kuliko mimi. Lakini kila mmoja wetu alikuwepo na macho yake, na hatujawahi kuketi tukaambiana tuliona nini.

Nianze nyuma kidogo. Kabla hujazaliwa, baba yako na mimi tulikodi shamba dogo upande wa Cheptais, lililokuwa na bwawa moja la ngege. Samaki walikuwa wameanza kunona. Mtu mmoja kutoka Webuye akatuletea vifaranga wazuri, wachangamfu, wanaruka ndani ya mtungi, na mimi nikawamwaga bwawani siku hiyohiyo, pamoja na maji waliyokuja nayo. Nilifurahi kama mtu aliyeongeza ng'ombe zizini. Baada ya wiki moja bwawa lote lilikuwa jeupe kwa matumbo. Harufu ilifika barabarani. Majirani wakaanza kunong'ona kwamba kuna mtu ametutupia kitu, na mama mmoja wa kanisa akaja kuombea maji. Baba yako alichimba shimo, akazika samaki, akaja akanawa mikono, akaketi.

Pale ndipo nilipojifunza kwamba samaki anaweza kuwa mchangamfu na bado amebeba kitu kitakachomaliza nyumba nzima. Kwa hiyo mwanangu, usije ukafikiri yaliyotokea kwa Mama Khaemba yalitokea kwa sababu sikujua. Nilijua. Nilikuwa nimejua miaka mingi.

Na kama ningekuwa nimesahau, yule mzee, mumewe Mama Khaemba, alinikumbusha. Unamkumbuka vile alivyokuwa akitembea ameshika mikono nyuma, akisimama mbele ya tangi kama mwalimu wa zamu. Alikuwa amefanya kazi ya serikali Mombasa mpaka akastaafu, na aliporudi huku Kitale alisema anaweza kuacha joto na kuacha nazi, lakini hawezi kuacha samaki wa bahari. Watu walimcheka. Tangi la maji chumvi Milimani, katikati ya mahindi na baridi hii. Akalijenga tu. Mawe aliyapanga kwa mikono yake, moja juu ya jingine, mpaka yakawa na pango. Alipohitaji mtu wa kumsaidia kubadilisha maji, akaambiwa kuna mama Kibomet anayeuza vifaranga vya kambare, huyo ndiye mtu wa samaki wa karibu. Nilienda nikijua samaki wa kuliwa. Yeye ndiye aliyenifundisha hawa wa kutazamwa.

Kwenye stoo ya jikoni alikuwa na tangi lingine, dogo, halina mchanga wala mawe, mabomba tu ya plastiki ya samaki kujificha, hita, na sponji ya kuchuja maji. Aliliita chumba cha wageni. Hakuna samaki aliyeingia sebuleni bila kukaa humo kwanza wiki kadhaa, mpaka ale vizuri, apumue polepole, na asijikwaruze kwenye mabomba. Wavu wa stoo haukuguswa na maji ya sebuleni. Ndoo pia. Hata mkono, unaunawa ukitoka huku kwenda kule. Siku moja nilimuuliza kama haoni ni kumfunga mgeni jela. Akaniambia nisidhani chumba kile ni cha kuwalinda wenyeji tu. Mgeni naye amesafiri gizani ndani ya mfuko, amechoka, hajui chakula cha hapa, na ukimtupa katikati ya wenye nyumba watampiga kabla hajajua mlango uko wapi. Mpe mahali pa kupumzika asipopigwa. Akipona safari, ndipo mtambulishane.

Mzee alipokufa, tulimsindikiza kwao Bungoma, na wewe ulishika shada. Baada ya hapo tangi la stoo lilikauka, halafu msichana wa kazi akaweka vitunguu ndani. Sikusema kitu. Nilijiambia hakuna samaki mpya anayekuja, kwa hivyo chumba cha wageni cha nini.

Mama Khaemba alibaki akiketi mbele ya tangi kubwa tangu asubuhi. Tulikuwa tukija kila Jumatatu kufanya usafi, na alikuwa akitusalimia, halafu basi. Aliyemfanya afungue mdomo ni Diwani peke yake, yule samaki kitatange mkubwa mwenye mistari ya buluu na manjano, aliyepewa jina hilo na mzee kwa sababu alizunguka tangi lote akikagua kila kona na hakutengeneza chochote. Diwani alikuwa wa zamani kuliko samani za nyumba ile. Alikula mkononi mwa mzee, na baada ya mzee alikula mkononi mwa Mama. Nilimwona zaidi ya mara moja akimwambia Diwani maneno kwa Kibukusu, kwa sauti ya chini, nami nikawa na shughuli ya kukunja mpira wa maji ili nisisikie.

Sasa ile Jumatatu ya Pasaka.

Tuliingia na ndoo zetu tukamkuta Khaemba, mwanawe, amekuja kutoka Mombasa kikazi akapitia nyumbani. Na tulimkuta samaki mgeni, kangaja, ndani ya tangi. Yule wa buluu ya poda, mwenye pezi la manjano mgongoni, mzuri mpaka unashika kifua. Khaemba alitueleza kwa furaha vile alivyompakata kwenye ndege mpaka Eldoret, na vile mhudumu wa ndege alimuuliza kama ni dawa. Alitaka mamake apate kitu kipya cha kutazama. Nilimuuliza alimwingiza vipi. Akasema aliuacha mfuko uelee kidogo juu ya maji, halafu akamimina. Samaki na maji yake, yote.

Wewe ulikuja karibu na sikio langu ukasema, "Mama, tumtoe sasa. Bado mapema."

Nami nilitazama kiti cha Mama Khaemba. Alikuwa anacheka. Si kicheko kikubwa. Alikuwa ameshika mkono wa mwanawe na meno yake yanaonekana, mara ya kwanza tangu mazishi. Khaemba amesimama amevaa shati jeupe, mtu mzima, lakini uso wake ulikuwa wa mtoto aliyeleta ripoti nzuri kutoka shule. Na mimi, mwanamke wa ndoo, niseme nini? Kwamba zawadi hii itoke, iwekwe kwenye karai stoo, kando ya vitunguu?

Nilisema, "Ni mzuri sana."

Ulinitazama. Halafu ukachukua kitambaa ukaanza kupangusa kioo, na hukuniambia neno mpaka tukafika nyumbani. Nilijua unaninyamazia. Nikajitetea moyoni kwamba labda huyu ni mzima. Nikajiambia Khaemba anarudi Alhamisi, nitaenda Ijumaa nimtoe polepole bila kumwaibisha mtu. Hivyo ndivyo uoga unavyoongea, Nasimiyu. Hauji ukisema mimi ni uoga. Unakuja ukisema mimi ni adabu, mimi ni subira, mimi namhurumia huyu mama.

Alhamisi asubuhi Mama Khaemba alinipigia simu mwenyewe. Hakuwa amewahi kunipigia. Alisema Diwani hataki kula, na anasimama mbele ya maji yanayotoka kwenye pampu kana kwamba ana kiu.

Nilijua kabla sijakata simu. Ulikuwa nje unaosha mitungi na nilipotoka mlangoni ukaona uso wangu, ukaacha kila kitu.

Tulimkuta Diwani amejificha kwenye kivuli cha pango, anapumua haraka kama mbwa aliyekimbia. Ulimulika na tochi kwa pembeni vile mzee alivyotufundisha, na mwilini mwake tukaona vumbi. Vumbi la dhahabu, laini, kama unga wa mahindi uliopulizwa. Wale samaki klauni wawili wadogo wa rangi ya chungwa walikuwa wameanza kujipiga kwenye mawe. Kangaja alikuwa na vumbi kidogo tu kwenye mapezi, na ndiye peke yake aliyekuwa bado anakula.

Ugonjwa ule hauna subira. Vidudu vyake vinakaa kwenye matamvua ya kupumulia, samaki anakosa hewa akiwa ndani ya maji, na vikitoka kwake vinazaana na kurudi kwa wingi. Huku kwetu juu maji hayashiki hewa kama ya pwani, kwa hiyo tulikuwa na muda mfupi hata zaidi. Nilimwambia Khaemba, ambaye safari yake ilikuwa imesogezwa mbele, kwamba samaki wote lazima watoke leo, na tangi likae bila samaki zaidi ya mwezi.

Akaniuliza, "Unasema mimi ndiye nimeleta ugonjwa kwa nyumba ya baba yangu?"

Mamake alikuwa nyuma yake. Na wewe, uliyekuwa umepiga magoti unachomeka mpira kwenye ndoo, ulisema bila hata kuinuka, "Hakuna mtu amesema ni wewe. Samaki ndiye alikuja nao, na yeye pia hakujua. Sisi tuliona Jumatatu tukanyamaza. Sasa tafadhali tusaidie kushika hii ndoo."

Ulisema sisi. Hukusema mama. Nimelifikiria neno hilo mara nyingi.

Khaemba alishika ndoo. Lakini Diwani hakukamatika. Kila wavu ulipokaribia alirudi ndani ya pango, na kwa kila mbio alizidi kuchoka. Hapakuwa na njia isipokuwa kubomoa mawe ya mzee. Tulisimama wote watatu tukitazamana, mikono inatiririka maji ya chumvi, na hakuna aliyetaka kulisema. Mama Khaemba aliinuka kwenye kiti chake. Akaja mpaka kwenye kioo, akaweka kiganja pale, akasema, "Toeni." Halafu akaenda jikoni ili asituone tukitoa.

Tuliyatoa moja moja na kuyaweka ndani ya dramu la maji ya tangi. Lile la juu kabisa lilikuwa na simenti yenye alama za kidole cha mzee.

Stoo tulitupa vitunguu nje, tukaweka matangi matatu ya plastiki yenye maji mapya tuliyokuja nayo, chumvi imepimwa, joto limelinganishwa. Diwani peke yake. Klauni pamoja. Kangaja peke yake. Ndipo tukaanza dawa ya shaba. Hapa pia nataka ujue niliona nini. Nilikuwa nimeshafungua chupa, na nilitaka kumimina yote mara moja, kwa sababu niliona Diwani anakufa na nikafikiri kipimo kikubwa ndicho huruma kubwa. Ulinishika kifundo cha mkono. Ukasema tupandishe polepole, tupime, tungoje, tupime tena, kwa sababu dawa hii yenyewe inaua. Nilikukasirikia kwa nguvu. Nilikuambia nilikuwa nawalea samaki wakati wewe hujui kutembea. Lakini hukuuachia mkono wangu mpaka nikaweka chupa chini.

Halafu mvua ya alasiri ikaja na stima ikapotea.

Pampu zote zikanyamaza kwa mara moja. Nadhani ukimya ule ndio uliokuwa mbaya kuliko yote ya siku ile. Tulikuwa na pampu mbili za betri na matangi matatu. Nilisema tuweke moja kwa Diwani na moja kwa klauni. Kangaja tumwache. Nilisema hivyo waziwazi, kwamba huyo ndiye chanzo, akifa amekufa. Na nikikumbuka vizuri, nilitaka afe. Nilitaka pawe na mtu wa kulaumiwa ambaye si mimi, na samaki hana mdomo.

Mama Khaemba alikuwa amesimama mlangoni na mshumaa ingawa ilikuwa bado mchana. Akasema, "Huyo naye ni mgeni wangu. Hakujileta."

Basi Khaemba akavua koti lake, akapiga magoti kwenye sakafu ile yenye maji, akachukua jagi. Akawa anachota maji ya kangaja na kuyarudisha kutoka juu, yaingie na hewa. Anachota, anamwaga. Uliona baridi inaanza kuingia kwenye maji kwa sababu hita nazo zimezima, ukawasha jiko kule uani, mbali na stoo ili moshi usiingie, ukachemsha maji ukajaza chupa, ukazifunga na kuziweka zielee kwenye matangi. Mimi nilikuwa nazibadilisha zikipoa. Mvua ilikuwa inapiga mabati kiasi kwamba hata tungeongea tusingesikiana. Wakati mmoja niligeuka nikamwona Khaemba analia huku bado anachota, na mamake amemwekea mkono begani, nikageuza macho haraka.

Stima ilirudi magharibi ikiingia. Wote walikuwa hai.

Diwani alikufa Jumamosi mchana. Wewe ndiye uliyekuwa naye. Nilifika nikakukuta umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, na nikajua. Hukulia mbele ya Mama Khaemba. Alimfunga kwa kitambaa cha meza chenye maua, akamzika mwenyewe kwenye waridi zake, na alipomaliza alituuliza kama tumekula.

Niliwaza kwamba basi tumefukuzwa. Kumbe kazi ndiyo kwanza ilikuwa inaanza. Tangi kubwa lilibaki na mawe, konokono na taa, bila samaki. Tulimweleza kwamba vile vidudu vikikosa samaki wa kula vitakufa njaa, lakini lazima tungoje, kwa sababu hata tukirudisha mmoja tu mapema tumeviwekea meza upya. Akasema ameelewa. Na kila siku alikaa kwenye kiti kilekile akitazama maji matupu. Tukiingia alikuwa anauliza neno moja tu, "Bado?" Na wewe unasema, "Bado, Mama." Klauni walikuwa wameshapona, wanakula mpaka wanagombana. Kangaja alikuwa amenenepa. Mimi sikuweza kuvumilia kuona mama yule na maji matupu, na mara mbili nilikuambia pengine inatosha. Mara mbili ulikataa.

Mara ya tatu aliyeombwa nilikuwa mimi. Khaemba alinipigia akasema kuna maombi ya kumkumbuka baba yake, watu wa kanisa na jamaa kutoka Bungoma watajaa pale sebuleni, na mama ataona aibu tangi likiwa tupu. Aliomba samaki warudi siku ile moja tu, halafu watolewe. Aliomba vizuri, kwa upole. Wewe ulikuwa umeenda mjini kutafuta chumvi. Nilikuwa peke yangu na simu sikioni.

Nilisema, "Hapana, baba. Bado hawajawa tayari kuingia, na tangi halijawa tayari kuwapokea. Siwezi."

Nilifikiri nimepoteza ile nyumba. Halafu akasema sawa. Siku ya maombi, nilisikia baadaye, jamaa mmoja aliuliza samaki wamekwenda wapi, na Mama Khaemba akamjibu kwamba wako chumba cha wageni wanapona, watakuja wakiwa wazima. Sikukuambia juu ya simu ile. Sikuficha, sikujua tu ningeisimulia vipi bila kuonekana najisifu kwa neno dogo kama hapana. Lakini jua kwamba nilitembea uani kama mtu aliyebeba gunia akalitua.

Siku tulipowarudisha, klauni waliingia kwanza wakachukua kona yao, kangaja akaja baadaye ili asitawale wenyeji. Uliwasha taa hafifu. Mawe tulikuwa tumejaribu kuyapanga kama alivyoyapanga mzee na hatukuweza. Pango liligeukia upande mwingine. Mama Khaemba aliweka kipande cha mwani majini na kungoja. Kangaja alizunguka, akaogopa, akarudi, mwisho akala mkononi mwake. Hakusema Kibukusu siku ile. Alimwangalia tu.

Hayo ndiyo niliyoyaona. Sasa nikuambie kwa nini nimeyaandika leo.

Huko Kilifi utakuwa mtu wa kupokea samaki kutoka baharini, kuwatenga, kuwaangalia, na kusema huyu yuko tayari kusafiri au hayuko. Kazi hiyo unaiweza kunishinda. Mkono wako hautetemeki. Sina wasiwasi na ujuzi wako. Mimi sikukosa elimu ile Jumatatu, nilikosa mdomo. Na usifikiri watakaokubana watakuwa watu wabaya. Mtu mbaya ni rahisi kumkatalia. Atakayekubana ni mtu mwema, mwenye furaha, amekuja na zawadi, na mamake anacheka kando. Au mkubwa wako, anayekupenda, ana makasha yamefungwa na ndege inangoja, anakuambia Nasimiyu, si hawa wanaonekana wazima, bana. Wataonekana wazima. Siku hiyo usitafute neno zuri. Sema lile moja hata kama sauti inapasuka.

Na ukikosea, maana utakosea, usitafute kangaja wa kumwachia afe. Chota maji.

Kuna jingine, na hili ndilo lililonichelewesha. Ni Khaemba aliyetaja jina lako kule Kilifi. Aliniambia kwa simu kwamba hajasahau vile ulivyomjibu ukiwa umepiga magoti. Nilimshukuru. Nikakata simu nikaenda chumba cha nyuma, nikasimama kati ya mitungi, na nikamchukia yule samaki upya, kwa sababu alikuwa amemchukua Diwani na sasa anakuchukua wewe. Uliponiletea habari ile na uso unang'aa nilisema, "Basi nenda," nikaendelea kuhesabu vifaranga. Sikuwa nahesabu. Nilikuwa nasogeza mkono majini tu. Ulisimama kidogo mlangoni ukingoja niulize jambo, lolote, halafu ukaondoka.

Ningeweza kusema nilinyamaza kwa sababu ya kazi, kwamba nani atanisaidia na Milimani. Baba yako atabeba ndoo, ameshaahidi, hata kama atalalamika mgongo. Si hilo. Ukweli ni kwamba ninaogopa. Nimezoea kuwa na mtu wa kunishika kifundo cha mkono. Na nilipoona uoga umekuja umevaa nguo ya ukali, nilipaswa kuutambua, kwa maana tunajuana.

Wiki iliyopita Khaemba alipiga tena. Alikuwa kwenye duka la samaki huko Mombasa, nasikia kelele za pampu nyuma yake. Akasema ameona kitatange mdogo, mtoto bado, na kabla ya kununua anauliza kama stoo iko tupu, na mimi nina nafasi ya kumwangalia mpaka lini. Nikamwambia aache kwanza amwone akila pale dukani. Akasema atarudi kesho na keshokutwa kumtazama. Nilitaka kukuita usikie. Ulikuwa chumbani unapanga nguo, na tulikuwa hatuongei.

Mvua imekatika. Nasikia lango, na sauti yako ukimwambia baba yako kwamba kukhu amewafungia kuku mzima kana kwamba Kilifi hakuna chakula, na baba yako anacheka. Naacha hapa. Ukiingia nitakuuliza unaogopa nini huko uendako, na nitaweka kila kitu chini, na nitangoja mpaka unijibu.

Mama yako.